Mtoro Aliyelala Kitandani Kwangu

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na ombi. Kitenge nimeshakishona, saa imeshasimama, limebaki ombi: niwaandikie nilivyofanya kazi ya takwimu tangu enzi za kalamu na rula hadi nikaitwa mwanasayansi wa data. Nadhani walitarajia busara. Watanisamehe. Nikitazama nyuma naona zaidi mambo ambayo mtu mwenye akili zake angeyaona mapema, na mimi nikayaona baada ya kuyachorea grafu.

Cheo hicho cha mwanasayansi nilikipata mvi zimeshaanza. Nilipompelekea mama yangu habari hizo nyumbani kwetu Mwera, aliniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Nikamwambia, "Nahesabu watu, mama." Akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akaniuliza, "Na toka ulipoanza, hujamaliza tu?" Nimehudhuria mafunzo mengi katika maisha yangu, na swali hilo hakuna aliyenifundisha kulijibu.

Nilianza kama karani wa takwimu katika ofisi moja ya afya mjini Tanga, msichana mwembamba mwenye vyeti vizuri na kiburi cha kutosha. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Rajabu, karani mkongwe aliyekuwa na rula, kikokotoo na simu ya mezani, na simu ndiyo aliyoitumia kuliko vyote. Zahanati zilituletea taarifa kila mwezi. Tarakimu yoyote iliyomkera Mzee Rajabu aliipigia simu, lakini hakuanza kwa kuuliza tarakimu. "Habari za huko? Wazee hawajambo? Na yule kijana wako aliyeanguka mnazini, mguu umeunga?" Wakaenda hivyo mpaka chai yake ikapoa. Halafu, kana kwamba amekumbuka tu, "Ehe, na hawa watoto wenu wa surua, mbona wengi hivi?" Upande wa pili mtu akacheka, akasema kumbe jumla ya ukurasa uliopita ameihesabu tena kama wagonjwa. Mimi nilikaa pembeni na kalamu yangu iliyochongwa, nikijiambia kwamba mzee huyu anapoteza muda wa ofisi.

Kompyuta zilipokuja, nilipelekwa kusoma, nikarudi na cheti na lugha mpya. Mzee Rajabu alikuwa keshastaafu, vinginevyo ningepata aibu ya kumwondolea simu mbele ya macho yake. Kwa mtazamo wangu, mambo ya kupigiana simu na kuulizana miguu yalikuwa yamekwisha. Tarakimu ingeingia, ingekaguliwa na mashine, ingetoka safi.

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta ilikuwa kuonyesha ni saa ngapi wagonjwa hufika zahanati. Wahudumu waliandika saa kama watu wote wa hapa wanavyozisema, yaani saa mbili ni asubuhi watoto wameshakwenda shule. Kompyuta ikazisoma kwa desturi za kwao, za kuhesabu toka katikati ya usiku. Grafu ikaonyesha kwamba zahanati zote za pwani yetu zinajaa watu saa nane usiku, na kwamba ikifika saa nne asubuhi hakuna anayeumwa tena. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilisimama kikaoni nikatoa sababu za kitaalamu: joto. Nikasema watu wetu wanakimbia jua. Nilieleza vizuri sana, hata mmoja akanukuu, kabla mkuu wangu hajaniuliza kwa upole kama nimewahi kwenda zahanati yoyote usiku huo wa manane.

Miaka ikaenda. Nikahamia mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto uliopanga nyumba ya zamani Raskazone, hapohapo Tanga, dari juu, madirisha makubwa, popo kwenye paa. Huko ndiko nilikojifunza kuandika programu, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaanza kufuga kuku wa mayai. Mwalimu wangu alikuwa Frida, binti wa watu wa mashamba ya mkonge, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mpole kama mtu anayemfundisha bibi yake baiskeli. "Mama Zainabu, hapo umeacha nafasi," aliniambia kila siku. Nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari, na kompyuta inakataa programu nzima. Nimelea watoto wanne na sijaona mwenye deko kama hilo.

Vijana wangu, kwa kuwa mliomba pia mambo ya vitendo, hili hapa moja. Msiyape mafaili yenu majina kama nilivyoyapa ya kwangu: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wallahi", na lile lililotumika hasa, "mpya". Kuna ripoti moja ya mradi ule ilikwenda kwa wafadhili ikiwa ni "mwisho kabisa" wakati ukweli ulikuwa kwenye "wallahi". Frida alinifundisha kuweka tarehe, na tangu hapo nimekuwa mtu wa heshima.

Sasa nije kwenye kesi ambayo nyote mnaijua nusu nusu, na ambayo mlikuwa mnaikatiza nikiingia jikoni kwetu ofisini.

Mradi ulitaka kujua mapema ni wajawazito gani wataacha kliniki kabla ya kujifungua, ili wafuatwe majumbani. Wahudumu wa zahanati waliandika mahudhurio kwenye vishikwambi. Mama asipoonekana, kishikwambi kiliuliza sababu, na majibu yake nilikuwa nimeyabuni mimi mwenyewe asubuhi moja huku nakula mihogo: amehamia, amefariki, mtoro. Matatu tu. Nilijivunia ufupi wake. Kisha nikatengeneza modeli, yaani programu inayosoma watoro wa zamani na kutabiri watoro wa kesho, na kila aliyeelekea kutoroka ikampaka rangi nyekundu.

Modeli ile ilifanya kazi vizuri ajabu. Iliyemwita mtoro, kweli alitoweka. Na zahanati moja iliwaka kuliko zote kwenye ramani, zahanati ndogo ya upande wa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, iliyokuwa na mkunga mmoja tu, Sista Veronika. Nilimfahamu kwa mbali, kwa sababu mama yangu alikuwa anapimwa presha kwake. Msambaa wa Lushoto, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kuitia mbuzi mlima wa pili. Nilijiambia basi, ndiyo hiyo sauti. Wanawake wanamkimbia.

Frida aliitazama ramani kwa muda. "Lakini mama, hawa wanawake wanakwenda wapi?"

"Frida," nikamwambia, na naomba maneno haya yasinifuate kaburini, "sisi tunafanya sayansi, hatufanyi umbea."

Kikaoni nikaongeza kwamba data haisemi uongo. Dokta Elieza, mkuu wa mradi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeniamini, na hilo lilitosha kuleta madhara. Akaamua Sista Veronika aitwe Raskazone kujieleza. Asipokuwa na maelezo, aondolewe kwenye uzazi, apelekwe kituo kingine akae kwenye stoo ya dawa, na chumba cha kujifungulia cha zahanati ile kifungwe mpaka apatikane mkunga mwingine. Maana yake ni kwamba mwanamke wa kule akishikwa na uchungu angelazimika kusafiri mpaka kwenye kivuko, akingoje, avuke, ndipo apate wa kumpokea Pangani. Mimi mwenyewe nilijua barabara ile ilivyo masika. Nikapiga chapa grafu kwa rangi.

Wakati hayo yakiendelea, nyumbani kwangu nilikuwa na shughuli zangu. Zainabu, mwanangu wa kwanza, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameolewa na Bakari, mpishi wa nyumba moja ya wageni Ushongo, na wenyewe wanaishi upande huohuo wa Mwera, kwa kuwa walijuana Zainabu alipokuwa anakwenda kumwona bibi yake. Tumbo lilipokuwa kubwa alikuja kwangu Tanga, kama inavyotakiwa. Nilimpa kitanda changu chenye godoro zuri, mimi nikalala chumba cha pili na begi la cherehani. Nilinunua mkaa, beseni jipya na pilipili manga ya uji, nikazungumza na mama mmoja wa mtaani aje kumkanda kwa maji ya moto akishajifungua. Jirani aliponiuliza Zainabu amekuja lini nilimkata jicho, kwa sababu safari ya mja mzito haitangazwi, macho ya watu ni mengi. Kila asubuhi nilimwacha mwanangu amelala kitandani kwangu, nikapanda bajaji mpaka Raskazone, nikakaa mbele ya kompyuta kutafakari kisayansi wanawake wa Mwera wanatowekea wapi.

Orodha ya wekundu ikatumwa kwa wahudumu wa afya wa vijiji ili wawafuate nyumba kwa nyumba. Siku mbili tatu kabla ya Sista kuja, simu yangu ikaita. Alikuwa Bakari. Mkwe wangu huyu ni mtu wa haya, akinipigia humpa kwanza Zainabu simu, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kwema huko?"

"Kwema kiasi. Mama, naona haya hata kusema. Kuna watu wa afya wamekuja hapa na kishikwambi. Wamtaka Zainabu. Wasema katoroka."

"Katoroka wapi?"

"Kliniki. Wasema ofisi ya Raskazone ndiyo iliyomwona. Mie nimewaambia yuko kwa mamake, kenda kuzaa. Sasa waniuliza huyo mamake ni nani, afanya kazi gani." Akashusha sauti. "Mama, niwaambie?"

Huwa naongea na simu kwa sauti, na nadhani ofisi nzima ilikuwa imeshasikia upande wangu. Frida hakucheka. Aliinuka taratibu, akatoka, akafunga mlango, akacheka huko barazani. Mimi nikatafuta jina la mwanangu kwenye mfumo. Alikuwepo, mwekundu kama pilipili, na mbele yake maneno niliyoyaandika mimi: uwezekano wa kutoroka, mkubwa sana. Hospitali aliyokuwa anahudhuria Tanga ilikuwa nje ya mradi, hivyo kwa kompyuta yangu Zainabu alikuwa ameyeyuka. Modeli haikukosea hata kidogo. Ilitabiri ataondoka, na akaondoka, akaja kula uji wangu.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika simu iliyokwishakatika. Mtu asiniambie kwamba sikujua. Pwani hii yote, uzazi wa kwanza mtu anauendea kwao. Mimi mwenyewe Zainabu nilimzaa Mwera, nilipandishwa kivuko na tumbo langu kutoka Tanga, na mama akanikanda mpaka nikalia. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Nililivua tu mlangoni kwa ofisi kila asubuhi, pamoja na viatu vya mvua.

Frida aliporudi, macho bado yana maji, nikamwambia tuchukue simu tuwapigie. Yeye alianza kama tulivyofundishwa: habari, tunapiga kutoka mradi fulani, tunamtafuta fulani. Wakamkatia. Watu hawamwambii mgeni alipo mja mzito wao. Ndipo nikamkumbuka Mzee Rajabu na chai yake iliyopoa. Nikachukua simu, nikaamkia, nikauliza wazee, nikauliza mvua, nikauliza mihogo, nikajitaja mimi ni mtoto wa nani na nyumba yetu Mwera iko karibu na nini. Mama mkwe wa mmoja wa watoro wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, "Kenda kwao kuzaa, mwanangu. Kwani hapo ofisini penu hamna aliyezaliwa na mama?"

Wote walikuwa hivyo, ukiacha wachache sana. Na tukaelewa kwa nini zahanati ile ndiyo iliyowaka: vijana wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni za Ushongo wanaoa Pangani mjini na Tanga, kwa hiyo kwa Sista Veronika kumejaa maharusi wa kutoka mbali, na kila mmoja ana kwao. Kwenye data kulikuwa na safu inayosema hii ni mimba ya ngapi. Nilikuwa nimeifuta mwanzoni kabisa kwa sababu ina mapengo na inachafua jedwali. Frida aliirudisha, tukawatenga wenye uzazi wa kwanza, na wekundu wa Mwera ukazimika. Wanawake wa uzazi wa pili na wa tatu walikuwa wanahudhuria kwa Sista kuliko karibu popote pengine.

Siku ya kikao alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Dokta Elieza alifungua mdomo kumwomba maelezo, nikaomba nianze mimi. Nilisema yote, tena kwa kifupi, kwa mara ya kwanza katika historia ya vikao vyangu. Dokta akanitazama juu ya miwani. "Una ushahidi gani, Mama Zainabu?"

"Mmoja wao yuko nyumbani kwangu," nikasema. "Amelala kitandani kwangu. Ni mwanangu."

Watu wakacheka, hata Dokta. Sista Veronika hakucheka.

"Toka barua ifike najiuliza nimewafanya nini," alisema. Sauti yake, ile ya mbuzi na milima, ilikuwa ndogo hata tukainama kumsikia. "Nilidhani ni mdomo wangu. Nikaanza kusema nao polepole, mpaka wakaniuliza kama naumwa."

Dokta akamuuliza kama hakujua wanakokwenda. "Nilijua, mbona wanarudi na watoto nawachanja mimi," akajibu. "Lakini kishikwambi chenu kinauliza amehamia, amefariki, au mtoro. Hawakuhama. Hawakufa. Nikabonyeza kilichobaki."

"Na hukutuambia?"

"Barua ilisema nije nijieleze. Haikuuliza wao wako wapi."

Niliona aibu. Nimepata aibu nyingi kazini, nyingine nimewasimulieni hapa mkacheka, lakini hii bado inauma ninapoiandika. Mtu mzima, fundi wa kazi yake, alikuwa amejifunza kunong'ona kwa sababu ya rangi niliyoichagua mimi. Baada ya kikao, barua yake ikiwa imeshafutwa, nilimfuata uani nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kirekebishe leo. Keshokutwa nina mwingine anaondoka kwenda kwao Pangani, na mie sitaki tena kumwita mtoro."

Niliongeza jibu la nne mchana uleule: amekwenda kwao. Ndiyo mchango wangu mkubwa katika sayansi ya data, maneno mawili, na jirani yangu yeyote angeyaandika bure. Zainabu alijifungua salama mtoto wa kike, akakandwa, akalia, akamaliza arubaini yake, akarudi kwa mumewe. Bakari mpaka leo akinipigia anampa kwanza mkewe simu.

Sasa nimestaafu, na nimerudi Mwera kwa sababu mama hawezi tena kuachwa peke yake. Mwenyewe nina presha, ambayo naona imeletwa na kompyuta, na katika kuhama nilikosa kliniki zangu za Tanga. Siku hizi mfumo wetu umepanuliwa mpaka kwa wagonjwa wa presha, na hospitali zote za Tanga zimeingia humo. Basi juzi nikamshika mama mkono, tukaenda wote wawili kwa Sista Veronika.

"Mtoro karudi!" akaita kutoka ndani, na foleni nzima ikageuka kunitazama. Sauti imerudi yote, nawahakikishia.

Akaingiza namba ya kadi yangu. Kishikwambi kikawaka. Nilikuwa mwekundu. Kikauliza sababu, na Sista akaanza kunisomea majibu yangu mwenyewe moja moja, mbele za watu, bila haraka.

"Umehamia?"

"Nyumba yangu bado iko Tanga, Sista."

"Umefariki?"

"Bado."

Watu wakacheka. Alinitazama, akamtazama mama yangu aliyekuwa amekaa benchini ameshika pindo la kanga yangu, akaacha utani. Akabonyeza lile la nne. Wekundu ukaondoka.

Mama akanivuta kanga. "Ndio wafanyani hao?"

"Wananihesabu, mama."

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Haya," akasema, akainuka kwa kunishikilia. "Twende nyumbani."